Teke Lililompata Baba Mkwe

Chechelesi, Isiolo
11 Februari 2025

Dada Sadiya,

Salaam aleikum. Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe na bibi yetu Akko na wote hapo Kinna, na kwamba vitunguu vyenu vimewashinda wale wadudu. Sisi huku tu wazima. Mama amepona kifua. Mbuzi wa Baba amezaa mapacha, wote majike, na Baba anatembea mjini kama aliyewazaa yeye.

Utashangaa naandika kwa karatasi kama mwanafunzi wa bweni. Simu yangu siku hizi si yangu. Wifi zangu wawili wanaishika kutwa, wanasoma kila kitu kwa sauti, na wakifika pahali patamu wanarudia. Kwa hivyo barua nampa dereva wa gari la nyanya. Anapita kwenu kila Jumanne, nawe unijibu kwa njia hiyo hiyo.

Dada, nimeolewa! Najua unajua, lakini niache niseme tena. Hii ni wiki ya tano na bado nikisikia Ganya anakohoa chumba cha pili moyo unaniruka. Anatoka shuleni saa saba, jua limewaka kama jiko, anatembea hadi nyumbani kuniuliza tu kama nimekula. Halafu anarudi kufundisha bila yeye kula! Juzi aliniletea kitana. Kitana cha kawaida, cha dukani, lakini alikuwa amekifunga kwa karatasi ya zawadi na kuandika jina langu kwa chaki nyekundu. Nimekataa kukitumia. Nywele zangu zinashangaa.

Hukuja harusini. Walisema una kazi shambani. Sawa, ila nilikutafuta kwa macho mpaka mwisho.

Ungekuja ungesikia Ganya alivyowaambia wageni. Alisimama, akashika maikrofoni, akasema, "Mimi nilimpenda mke wangu siku alipompiga babangu teke." Watu walicheka hadi wakamwaga soda. Ni ile filamu yetu, Mateke Matatu. Nani alijua ingetufuata hivi? Watoto watatu wanafundishwa karate na mpishi wa shule ili wamkamate mwizi wa punda. Mimi, wewe ukisaidia, na Lokuruka wa Ngaremara. Na mwizi akawa yeye, baba wa Ganya! Wakati huo alikuwa dalali wa mifugo tu, mwenye tumbo kubwa na kicheko kikubwa. Ganya alikuwa na miaka kumi na mitatu. Katika filamu alimwona baba yake akipigwa teke la matako na kuingia kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, akaniona mimi nimesimama nikiukazia ulimwengu macho, na hapo hapo akasema moyoni, huyu. Amenihifadhi miaka kumi na miwili, dada. Kuna mwanamke mwingine Isiolo amependwa hivi?

Mmoja tu hakucheka siku ile. Mzee mwenyewe. (Unajua siwezi kuandika jina lake sasa, hata kwa karatasi.) Na jambo lingine. Kila asubuhi nampelekea chai, nimejifunika vizuri, macho chini. Kila asubuhi anasema, "Weka hapo, nitakunywa baadaye." Kikombe kinarudi kimejaa, na utandu juu. Bibi arusi ambaye chai yake haijanywewa na baba mkwe ni kama hajaingia nyumbani. Mama mkwe ananiambia nivumilie, ati bado ana aibu ya lile teke.

Ganya ameomba ukumbi awaonyeshe watoto wa shule filamu hiyo likizo ya Agosti. Mtu akikuuliza kuhusu siku zile, sidhani kuna haja ya kuwachanganya watu kwa mambo ya utotoni. Au waonaje?

Wako mwenye furaha kupita kiasi,
Dahabo


Kinna
18 Machi 2025

Dahabo,

Aleikum salaam. Nimepata barua yako. Akko yu mzima, anafunga Ramadhani yote ingawa tumemkataza. Vitunguu vimeshuka bei lakini vipo. Mfereji uliziba wiki nzima, tukauzibua kwa majembe. Hongera kwa ndoa.

Sikuja kwa sababu ya kazi. Na safari ndefu ya gari inaufanya mguu uvimbe, unajua.

Unauliza naonaje. Umeandika "wewe ukisaidia". Sijui kama nilisaidia. Ninachokumbuka ni kwamba wewe ulikuwa na uso ambao yule Madam wa Nairobi aliyeongoza filamu aliupenda, na ulishika maneno yote baada ya kuyasikia mara moja, lakini hukuweza kuruka hata ndoo. Mimi nilikuwa nikiruka ndama tangu nijue kutembea. Wakanivika nguo kama zako na kitambaa cha kijani kama chako, wakanipiga picha kutoka nyuma. Kila mguu unaopaa katika filamu ile ni wangu. Siandiki haya kwa ubaya. Naandika kwa sababu nimeona umesahau.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Huku hakuna anayejua nilikuwa ndani.

Ramadhani njema.

Sadiya


Chechelesi
22 Aprili 2025

Dada yangu Sadiya,

Salaam aleikum na Idi mubarak ingawa imepita. Natumaini mguu umepungua uvimbe. Mama anakusalimu. Mmoja wa wale mapacha wa mbuzi ameliwa na mbwa na Baba hataki kulizungumzia. Ganya ni mzima, amepewa darasa la sita, na Idi alininunulia dira ya rangi ya zambarau, nikaivaa wakasema nimekuwa bwawa lenye maua. Yeye ndiye aliyesema, si watu.

Nilisoma barua yako nikiwa jikoni nikaificha ndani ya unga. Sijasahau, dada. Ningesahauje? Ni kwamba Ganya hakuniuliza nikadanganya. Alikuja tayari anajua. Alinikuta sokoni akasema, "Wewe si yule msichana wa teke?" Nami nikacheka tu. Kucheka si uongo. Halafu wiki ikapita, na mwezi, na posa, na kila siku jambo hilo lilikuwa limekua kidogo, mpaka likawa kubwa kuliko mlango na haliwezi tena kutoka.

Sasa nimefanya jambo baya zaidi.

Wazee waliona chai inazidi kurudi wakaamua nimwombe Mzee radhi kwa buna. Unajua buna inavyoheshimiwa: zile buni za kahawa zikishakaangwa kwa samli na kubarikiwa, maneno yaliyosemwa mbele yake si ya mchezo. Mama mkwe alizikaanga mwenyewe. Jumapili asubuhi tukakaa uani, wazee watano, Mzee katikati, mimi nimefunikwa hadi kidevuni na bakuli mikononi. Mzee Ibrae ndiye aliyesimamia.

"Sema, binti. Ulifanya nini?"

Nilikuwa na nafasi pale. Nilikuwa na nafasi pana kama uwanja wa ndege. Ganya alikuwa amesimama karibu na tangi la maji, ananitazama kama mtu anayetazama mwezi wa Idi. Nikasema, "Nilimpiga Mzee teke mbele ya watu. Naomba radhi."

Mzee akatazama bakuli, hakunitazama mimi. Akasema, "Mtoto huyu hakunikosea. Hajawahi kunipiga."

Wazee wakacheka kwa furaha. "Mnaona moyo wa mtu mkubwa!" Ibrae akasema. "Ameshalifuta kabisa, anasema halikuwepo!" Wakabariki, wakapakaa samli, wakatafuna buni. Mzee aliweka zake mbili kwenye kiganja, akazifunga ngumi, akaondoka nazo. Kesho yake chai ikarudi imejaa.

Sadiya, nimeomba radhi kwa mguu usio wangu, mbele ya buna, na nimepewa baraka zako. Tangu siku hiyo Ganya akinishika mkono nauona si wangu. Kwa nini Mzee alisema vile? Alikuwa na gunia kichwani tulipopiga picha ile. Hakuona kitu. Niambie hakuona kitu.

Dahabo


Kinna
10 Juni 2025

Dahabo,

Aleikum salaam. Nimechelewa kwa sababu ya mavuno, na kwa sababu sikutaka kuandika. Akko alianguka lakini hakuvunjika. Anataka kujua kama una mimba. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Mzee Abdub alijua. Mimi si mke wa mwanawe, nitalitaja jina lake.

Wewe hukuwepo mwishoni. Ulikuwa umepelekwa kivulini kupakwa poda. Picha ile ya birika ilirudiwa mara nne. Mara ya kwanza gunia lilimwanguka kabla ya wakati. Mara ya pili ng'ombe aliingia. Mara ya tatu mimi nilicheka. Mara ya nne niliruka vizuri kuliko zote, nikampata barabara, naye akaingia majini kama alivyotakiwa. Mimi nikashukia ukingo wa saruji. Nilisikia mguu ukivunjika kabla ya kuuhisi.

Wote walikuwa wanamshangilia yeye. Ni yeye aliyenisikia. Alitoka majini na gunia bado shingoni, maji yakimchuruzika, akaniinua akakimbia nami hadi kwenye gari. Njia nzima ananiambia, "Umenipiga teke zuri, mama, umenipiga zuri sana," ili nisilie. Mguu ulikuwa umeelekea upande ambao miguu haielekei. Alikuja hospitalini mara tatu na maziwa. Akaniambia wenye filamu wamemwomba asitangaze ni nani aliyeruka mpaka filamu itoke, na hata baada ya hapo hatasema mpaka mwenyewe niseme au wewe useme.

Ile mara ya nne ndiyo iliyo katika filamu. Ukitazama vizuri utaona mimi sionyeshwi nikitua. Watoto hucheka sana hapo. Hata mimi ningecheka, nisingekuwa mimi.

Kwa hivyo hana aibu ya teke, Dahabo. Anakungoja wewe.

Kuna siku moja ambayo hujaiandika katika barua zako zote. Sitaiandika mimi.

Sadiya


Chechelesi
1 Julai 2025

Sadiya,

Salaam aleikum. Tu wazima. Mwambie Akko hapana, bado.

Leo ni siku ya tatu najaribu. Jana Ganya alikuwa anasahihisha madaftari, nikasema, "Ganya." Akasema, "Naam, bingwa wangu." Nikamuuliza kama anataka maharagwe.

Amenichorea bango la ukumbini. Ni mimi hewani. Alikesha siku mbili akipaka rangi nyayo.

Dahabo


Chechelesi
19 Agosti 2025

Dada yangu mpenzi Sadiya,

Salaam aleikum warahmatullah! Mpe Akko salamu, umbusu mikono yote miwili. Mama, Baba na mbuzi waliobaki wote wazima. Kaa chini kabla ya kusoma.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Watoto mia mbili na zaidi, mapazia yamefungwa, joto la kuoka mkate. Mzee alikaa mbele kabisa kwa sababu watoto wanampenda mwizi, walipomwona wakapiga kelele, "Mwizi! Mwizi wa punda!" naye akasimama akashika matako kama anayeogopa, wakaanguka kwa kicheko. Lokuruka alikuja na pikipiki kutoka Ngaremara, amenenepa. Akanipigia kelele kutoka nyuma, "Wee Dahabo! Leo utaruka ama umeshakuwa mama wa nyumba?" Yeye pia anajua, dada. Alikuwa ananichokoza tu, lakini nilihisi nimevuliwa nguo.

Ganya akashika maikrofoni. "Nawaletea bingwa mwenyewe, mke wangu!" Watoto wakaanza, "Ruka! Ruka! Ruka!" Akanipa maikrofoni.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yakapotea. Nikasema, "Mimi siwezi kuruka. Sijawahi kuruka. Msichana mtakayemwona akipaa ni dada yangu Sadiya, binti wa baba mkubwa, yuko Kinna. Mimi nilisema maneno tu. Na lile teke la birika lilimvunja mguu, na mguu huo haujanyooka mpaka leo."

Mtoto mmoja wa mbele akauliza, "Kwani we hujui karate?"

"Sijui."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Nilitamani saruji inimeze. Nilimtazama Ganya. Alikuwa anakunja waya wa maikrofoni, anakunja na kukunjua, hanitazami. Mzee naye aliinamisha kichwa.

Wakaonyesha filamu. Ilipofika kwenye birika, ukumbi wote ulinyamaza. Kitoto kimoja kikacheka na wenzake wakakiambia shh. Nafikiri ni mara ya kwanza mtu kuitazama picha ile bila kucheka.

Ganya hakusema nami siku mbili, ila "Chumvi iko wapi" na "Funga mlango." Bango amelitoa, sijui amelipeleka wapi. Jana jioni alikaa ukingoni mwa kitanda akasema, "Miaka kumi na miwili nimependa mgongo wa mtu mwingine."

Nikamwambia, "Na uso?"

Akafikiri. Akafikiri sana, dada, nikaona roho inanitoka.

"Uso nimeuoa," akasema. "Lakini ungeniambia sokoni siku ile ningekuoa vilevile. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hukujua."

Nililia mpaka shuka ikalowa. Naye akalia kidogo, kwa pembeni, akidhani simwoni. Bado ana baridi nami, lakini leo mchana alikuwa ukumbini akirudisha viti, akatembea jua lile lile kuja kuniuliza kama nimekula.

Na Mzee! Asubuhi hii nimepeleka chai, nikageuka niondoke, nikasikia anakunywa. Mpaka mwisho! Mama mkwe alipiga kigelegele jikoni.

Oh Sadiya, nimekuwa mwepesi kama unyoya. Nimebeba aibu hii miaka kumi na miwili na sasa imeniteremka mbele ya watu wote. Yameisha, dada. Yameisha!

Dahabo wako


Kinna
2 Septemba 2025

Dahabo,

Aleikum salaam. Akko amefurahi. Nami nimefurahi kwamba ndoa yako imesimama, nasema kweli.

Ulisimama mbele ya watu mia mbili na hilo si dogo. Watu wamenipigia simu. Mwalimu wa hapa amekuja shambani kuniuliza kama ni mimi, na watoto wake wakataka kuugusa mguu.

Umemwambia Ganya. Umewaambia watoto. Mzee Abdub amekunywa chai. Halafu umeniandikia kurasa nne kunisimulia ulivyowaambia. Nimezisoma mara mbili nikitafuta mahali uliponiambia mimi kitu.

Unaandika yameisha. Yameisha huko kwenu.

Sadiya


Chechelesi
9 Septemba 2025

Sadiya,

Siku ambayo sijaiandika ni hii.

Ulikuwa na plasta hadi pajani, wiki ya sita. Madam alinipigia kwa simu ya Baba, Baba akanipa nikaongee nje. Alisema filamu itaonyeshwa Nairobi Jumamosi, ametafuta gari lenye kiti kirefu ili ulale umenyoosha mguu. Alisema atakupandisha jukwaani na kuwaambia watu wote nani aliruka. Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa nimezoea kutazamwa mimi. Nikamwambia hutaki kuja. Akauliza, jina lake je, nimwandike vipi mwishoni mwa filamu? Nikasema baba yako amekataa jina lako liandikwe. Baba yako hakuambiwa kitu.

Madam akasema, "Pole, mwambie tunampenda." Sikukwambia.

Jioni nilikuja kwako. Ulikuwa umevaa lile gauni lako la Idi, umekaa kitandani tangu asubuhi, maana Lokuruka alikuwa amekwambia kuna safari. Uliniuliza gari linakuja lini. Nikakwambia limeharibika, wote hatuendi. Ukanifariji. Ulisema, "Usilie Dahabo, watatuita tena." Nilikuwa nalia kwa sababu nyingine.

Kesho yake nilipanda gari lile lile. Nililala kwenye kiti kile kirefu.

Sitakuomba uje Isiolo wala sitasema nilikuwa na umri mdogo. Nilijua. Nilijua nilipokuwa nasema, na nimejua kila mwaka tangu hapo, na nilipokuambia hatuna haja ya kuwachanganya watu nilikuwa najua.

Nisamehe kama utaweza, na usipoweza ni haki yako.

Barua hii sijamsomea Ganya, wala Mzee, wala mama. Wewe ndiye wa kwanza kuijua.

Dahabo